Maswali ya Wasomaji: Je, Chombo Kipya cha Muziki Huhitaji Kuzoezwa?

Katika toleo lililopita niligusia kwa sentensi moja tu ile desturi iitwayo kuzoeza, yaani kuviacha vyombo vipya vya kusikilizia muziki vya bei kubwa, kama spika na amplifaya, vikilia kwa siku kadhaa, hata kwa wiki, kabla ya mwenyewe kuketi na kuvisikiliza kwa makini, kwa imani kwamba sauti yake itakuwa bora. Sentensi hiyo imeniletea barua nyingi kuliko makala nzima iliyoizunguka. Baadhi ya wasomaji wanataka kujua wafanyeje, wengine wanataka kujua kama wamedanganywa, na mmoja ameniomba radhi kwanza kisha akanitukana. Nimechagua barua sita ambazo kwa pamoja zinagusa karibu kila kilichoulizwa.

SWALI: Shikamoo mzee. Nimenunua jozi ya spika ndefu za kusimama sakafuni, kila moja ikiwa na wufa mbili za sauti nzito na twita moja ya sauti za juu. Hii ni wiki ya pili, na besi yake bado ni nyepesi kana kwamba imefungiwa chumba cha pili, ilhali sauti za juu zinachoma masikio. Muuzaji ananiambia nisizihukumu mpaka zitimize saa 300. Je, nivumilie, au nimeuziwa mbuzi kwenye gunia?
Msubiri Besi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Alichokuambia muuzaji kina ukweli ndani yake, lakini ukweli huo ameuvika kanzu pana kuliko mwili wake.

Nianze na huo ukweli. Ndani ya wufa mna koili ya waya iliyo katika uwanja wa sumaku, na koili hiyo imegundishwa kwenye koni, yaani ile sehemu inayosukuma hewa. Vitu viwili ndivyo vinavyoishika koni isiende mrama: kwa mbele, ukingo wa mpira au sponji unaoizunguka, na kwa nyuma, kitambaa cha duara chenye mikunjo kama ya kinanda cha mkono, ambacho mafundi wengi hukiita dampa. Kitambaa hicho hulowekwa katika rezini, aina ya gundi ngumu, na kukandamizwa kwa joto ili mikunjo yake idumu, na kinapotoka kiwandani huwa kikavu na kigumu. Koni inapoanza kwenda mbele na nyuma kwa nguvu, rezini iliyozishika nyuzi pamoja huachia hapa na pale, kitambaa hulainika, na masafa ambayo wufa hupenda kutikisika yenyewe, yaani masafa yake ya asili, hushuka. Jambo hili hupimika kwa vifaa vya kawaida vya karakana wala halina ubishi.

Ubishi uko katika muda na ukubwa wake. Kwa upande wa muda, sehemu kubwa ya kulainika huko hutokea katika dakika na saa za mwanzo za kutikiswa kwa nguvu, na baada ya hapo kinachoendelea ni kidogo mno. Viwanda makini huipima kila spika kabla ya kuifungasha, kwa hiyo hatua ya kwanza kabisa huwa imeshapita hata kabla hujakata utepe wa boksi.

Kwa upande wa ukubwa, tunazo hesabu zilizowekwa na Neville Thiele mwaka 1961 na kukamilishwa na Richard Small mwanzoni mwa miaka ya 1970, wote wawili wakifanya kazi Australia wakati huo, ambazo mpaka leo ndizo wanazozitumia wabunifu wa spika. Chukua wufa ambayo, ikiwa mpya, masafa yake ya asili ni hezi 40, yaani mitikisiko 40 kwa sekunde, na ulaini wa vishikizo vya koni yake unalingana na ulaini wa lita 60 za hewa. Ukiifunga katika boksi lisilopitisha hewa lenye ujazo wa lita 20, masafa ya spika nzima yatakuwa hezi 80, kwa kuwa hewa iliyofungiwa ndani nayo ni springi, tena springi ngumu mara 3 kuliko dampa na ukingo kwa pamoja. Sasa tuseme wufa hiyo imelainika hata masafa yake ya asili yakashuka kwa asilimia 10 na kuwa hezi 36. Ulaini umeongezeka, kwa hiyo zile lita 60 zimekuwa karibu 74. Fanya hesabu upya, na utakuta kwamba spika nzima imeshuka kutoka hezi 80 hadi 78 tu. Asilimia 10 ya wufa iliyo mkononi mwa fundi imegeuka kuwa asilimia 2 na nusu hivi ndani ya boksi, kwa sababu springi ya hewa hailainiki kwa kutumika. Boksi lenye tundu lina hesabu yake, ila mwelekeo ni huo huo.

Hezi 2 haziwezi kuitoa besi yako katika chumba cha pili. Tatizo lako liko kwingine, na kama ningekuwa mtu wa kuweka dau, ningeliweka kwenye nyaya. Angalia nyuma ya amplifaya na nyuma ya spika zote mbili: nyekundu ifike kwenye nyekundu na nyeusi kwenye nyeusi, kulia na kushoto sawasawa. Ikiwa spika moja imegeuziwa nyaya, koni yake huvuta hewa wakati koni ya mwenzake inasukuma, na besi za spika hizo mbili hufutana kabla hazijakufikia. Sauti za juu haziwezi kufutana kwa unadhifu huo, maana mawimbi yake ni mafupi sana, kwa hiyo unabaki na zile zinazochoma huku zile nzito zikiwa zimeondoka. Maelezo yako yanafanana na hali hiyo kama pacha na pacha.

Nyaya zikiwa sawa, chungulia matundu ya spika uone kama kiwanda kimeyaziba kwa sponji, kwani baadhi husafirishwa hivyo. Kisha utazame chumba. Chumba chenye urefu wa mita 5 huwa na wimbi lake la kwanza kwenye hezi 34 hivi, na mtu anayeketi katikati kabisa ya urefu huo huwa amejiweka mahali ambapo wimbi hilo halisikiki. Sogeza kiti nyuma kidogo, sogeza spika zikaribie ukuta ulio nyuma yake, na zigeuze kidogo ili twita zisikutazame usoni moja kwa moja. Sogeza moja, sikiliza, kisha ndipo usogeze nyingine. Alasiri moja ya kazi hiyo itabadilisha sauti kuliko saa zozote 300.

Na uisome karatasi ya mauzo leo hii. Mtu anayesikiliza kwa saa 3 kila siku hutimiza saa 300 baada ya siku 100, na muda wa kurudisha bidhaa mara nyingi huwa umekwisha kitambo. Simsingizii muuzaji wako nia mbaya, maana wengi wao wanaamini wanachokisema, lakini imani yake haitarefusha tarehe iliyoandikwa kwenye karatasi yako.

SWALI: Ndugu mwandishi, kijitabu cha spika zangu kinaagiza zipigwe saa 50 kabla ya kusikilizwa kwa makini. Ninaishi ghorofani na ukuta kati yangu na jirani ni mwembamba. Je, kuna njia ya kuzizoeza bila kugombana na watu, na ni muziki gani unaofaa?
Mpangaji

JIBU: Kijitabu kikiagiza, fuata, kwani hupotezi kitu, ila usione haya kuzisikiliza tangu saa ya kwanza. Kuhusu jirani, ipo hila ya zamani ya mafundi ambayo ninaipenda sana. Zitazamishe spika zako uso kwa uso, zikiwa zimeachana kwa sentimita chache tu. Zima amplifaya, kisha uigeuzie nyaya spika moja, nyekundu kwenye nyeusi na nyeusi kwenye nyekundu, na uchague sauti ya mono ili zote mbili zipokee kitu kimoja. Hapo koni moja ikisukuma nyingine inavuta, na ile hali iliyokuwa msiba wa msomaji aliyekutangulia inakuwa rafiki yako: sauti nzito, ambazo ndizo hasa zinazopenya ukuta, zinafutana zenyewe kwa wenyewe ilhali koni zinafanya kazi kamili. Zifunike blanketi mbili nzito na uende zako kazini. Utakaporudi, kumbuka kuzirudisha nyaya mahali pake. Wapo waliosahau, kisha wakaniandikia kwamba besi imepotea baada ya kuzoeza.

Muziki wowote wenye besi unafaa. Wasiotaka kuchagua hutumia ule mvumo wa majaribio wenye nguvu sawa katika kila oktavu, ambao mafundi huuita kelele ya pinki. Kiasi cha sauti kisizidi kile unachosikilizia siku zote, kwa kuwa amplifaya inayosukumwa kupita uwezo wake hukata vilele vya mawimbi, na katika ukataji huo twita ndiyo huungua kwanza. Nawe usikae chumbani humo kwa saa nyingi. Shirika la Afya Duniani huweka kikomo cha desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki, na kila unapoongeza desibeli 3 muda huo hupungua kwa nusu. Spika ikiungua unaweza kununua nyingine.

SWALI: Nimeuziwa kebo za shaba safi sana zenye mshale, nikaambiwa zinahitaji saa 200 ili shaba ikae sawa, na mkondo lazima ufuate mshale. Ni kweli?
Mwenye Kebo

JIBU: Hapana. Ishara ya muziki huenda na kurudi: noti ya hezi 1000 hugeuza mwelekeo mara 2000 kila sekunde, kwa hiyo shaba haina njia ya kujua mbele ni wapi, na hakuna sehemu ndani yake inayolainika kama dampa. Kwa ajili ya haki niseme kwamba mshale una maana katika kebo chache za kuunganisha ala, zile ambazo ngao ya nje imeungwa upande mmoja tu, na hapo mshale huonyesha upande huo. Kuchomoa na kuchomeka tena plagi iliyokaa muda mrefu kunaweza kuleta mabadiliko ya kweli, kwa sababu hukwangua utando uliojijenga juu ya metali. Kazi hiyo huchukua sekunde 5.

SWALI: Shikamoo. Nina amplifaya mbili. Moja ni ya transista, mpya kabisa, na ya pili ni ya valvu, zile taa za kioo za zamani, niliyoachiwa na marehemu babu, ambayo imekaa kabatini miaka mingi bila kuwashwa. Rafiki yangu ananishauri niziache zote zimewashwa usiku na mchana kwa wiki mbili ili zizoee. Nakuomba ushauri kabla sijafanya hivyo.
Mjukuu

JIBU: Marahaba, mjukuu, na ninashukuru umeuliza kwanza. Ile ya babu usiichomeke kwenye umeme kamwe mpaka fundi aifungue. Nitakueleza sababu hivi punde.

Rafiki yako anachanganya kupata joto na kuzoea. Transista hubadilika kwa joto: volti inayohitajika kuifungua hushuka kwa milivolti 2 hivi kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, na wabunifu huweka sakiti maalumu ya kuifidia. Ndiyo maana amplifaya huchukua dakika kadhaa, au nusu saa kwa zile zinazochemka sana, kabla haijatulia. Lakini hutulia hivyo kila siku unapoiwasha, iwe na wiki moja au miaka kumi, na ukiizima inarudi ilikokuwa. Spika nazo zina jambo la jinsi hiyo. Ukinzani wa shaba huongezeka kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi, kwa hiyo koili iliyopata joto la nyuzi 100 zaidi hupokea umeme mdogo na sauti hupungua kwa karibu desibeli 3. Wimbo mzito unaweza kuifanya koili ipate joto, na wimbo wa taratibu ukaiacha ipoe, yote hayo katika jioni moja.

Viwanda vingi huwasha vyombo vyao kwa saa kadhaa kabla ya kuviuza, na wengi hudhani ni kwa ajili ya utamu wa sauti. Sababu yake hasa ni kwamba vipuri vya elektroniki vyenye kasoro hufa mapema. Wahandisi huchora jambo hili kwa mstari wenye umbo la beseni la kuogea: vifo ni vingi mwanzoni, vichache katikati, vingi tena uzeeni. Kwa hiyo tumia amplifaya yako mpya kwa wingi, si ili izoee, bali ili kama ina kipuri dhaifu kife wakati dhamana bado ni hai. Kuiacha usiku kucha bila sababu ni kuula umri wake, kwani kapasita za elektroliti, vipuri vinavyohifadhi umeme, kwa kanuni ya jumla ya wahandisi, hupoteza nusu ya maisha yake kwa kila ongezeko la nyuzi 10 za joto.

Sasa ile ya babu. Ndani ya kapasita za elektroliti mna utando mwembamba mno wa oksidi ya alumini ambao hulindwa na volti yenyewe. Chombo kikikaa miaka bila umeme, utando huo hudhoofika, na ukikirushia volti zote kwa mpigo mkondo huvuja ndani ya kapasita, ikachemka, na pengine ikapasuka. Fundi huipandishia volti polepole kwa transfoma ya kurekebishika huku akipima, na zile zilizokufa huzibadilisha. Huku, mjukuu, ndiko kuzoeza kwa kweli kuliko kote katika safu hii, na ajabu yake ni kwamba kunahusu chombo kikuukuu. Usijaribu mwenyewe: mle ndani mna mamia ya volti, na zinaweza kubaki hata baada ya kuchomoa waya.

Ikiwa valvu zenyewe zitabadilishwa, zile mpya za kutoa nguvu huhama kidogo katika saa za mwanzo, hivyo mwombe fundi apime upya mkondo wake wa utulivu, yaani ule unaopita muziki ukiwa kimya, baada ya siku chache. Zikishatulia, zizime kila umalizapo kusikiliza, maana saa zake zinahesabika.

SWALI: Mwandishi, nimebadilisha katriji, yaani kile kichwa chenye sindano, ya mashine yangu ya santuri, na pia nimenunua hedifoni kubwa za kufunika masikio. Je, hizi nazo zinazoea?
Mpenda Santuri

JIBU: Katriji ndiyo, kwa kiasi. Kijiti kinachobeba sindano kimeshikwa na kipande kidogo cha mpira, na watengenezaji wengi hutaja saa 20 hadi 50 kabla haujatulia. Ukishatulia, pima tena uzito wa sindano juu ya santuri, kwani huenda mkono ukawa umeshuka kidogo. Halijoto ya chumba nayo ina mchango wake, kwa kuwa mpira baridi ni mpira mgumu.

Kwenye hedifoni, kinachobadilika zaidi hakitoi sauti hata kidogo: ni mito yake. Mto mpya ni mgumu na huacha mianya karibu na taya na nyuma ya sikio. Ukishalainika huziba mianya hiyo, na besi ambayo ilikuwa ikivujia nje hubaki ndani. Spika iliyomo pia husogea karibu na sikio lako. Ukitaka kuona ukubwa wa jambo hili, zikandamize hedifoni kwa viganja sasa hivi na usikilize. Wavaaji wa miwani watanielewa haraka.

SWALI: Uniwie radhi mzee, lakini ama wewe ni kiziwi ama umelipwa. Mimi nina spika ndogo za rafu. Wiki ya kwanza sauti yake ilikuwa kavu na imejibana. Baada ya mwezi ikafunguka, ikapata nafasi na kina. Sikuambiwa na muuzaji wala sikusoma popote. Nilisikia kwa masikio yangu mwenyewe. Sasa nimeagiza jozi nyingine kama hizo kwa ajili ya chumba cha pili, na najua nitasikia hivyo hivyo tena.
Niliyesikia

JIBU: Radhi umepata, ndugu yangu, na malipo sijayaona bado. Sina shaka kwamba ulisikia. Shaka yangu ni juu ya kilichobadilika, kwa maana katika chumba chako mlikuwa na vitu viwili vipya vilivyokutana, spika na msikilizaji wake, na wewe umeamua bila kupima kwamba aliyehama ni spika.

Kumbukumbu yetu ya sauti katika undani wake, yaani ile ya kutofautisha vitu viwili vinavyokaribiana, hudumu kwa sekunde chache. Baada ya mwezi kinachobaki ni hukumu tuliyoitoa, “ilikuwa kavu”, na hukumu hiyo ndiyo tunayoilinganisha na sauti ya leo. Katikati ya mwezi huo umezijua nyimbo zako upya kupitia spika hizi, umegundua kiti kinachofaa, na yamkini umeongeza sauti kidogo bila kukusudia. Kuongeza huko si jambo dogo. Harvey Fletcher na Wilden Munson walionyesha tangu mwaka 1933 kwamba sikio husikia besi hafifu zaidi sauti ikiwa ndogo, hivyo ukipandisha kidogo, besi hukua kuliko vilivyobaki. Tofauti ya nusu desibeli wengi hawaisikii kama ukubwa wa sauti; huisikia kama ubora. Mwanasaikolojia Robert Zajonc naye alionyesha mwaka 1968 kwamba watu hukipenda zaidi kitu kwa kukutana nacho tena na tena, hata bila sababu nyingine.

Kuna jambo moja zaidi ambalo naomba ulifikirie kwa utulivu. Mpira, kitambaa na rezini havijui tunapenda nini. Ikiwa mabadiliko makubwa yanatokea kweli katika saa 300 za kwanza, basi baadhi ya spika zingepaswa kuharibika sauti kwa kutumika, na ningepokea barua za watu wanaosema kwamba zilikuwa tamu wiki ya kwanza na sasa zimechacha. Kwa miaka yote niliyoandika safu hii sijapokea hata moja. Kila spika hubadilika kuelekea uzuri, na kila mara kwa mwendo ule ule ambao mtu huzoea nyumba mpya.

Nisijifanye kwamba mimi nimeepuka. Jioni moja nilikaa karibu dakika 10 nikizungusha kitufe cha besi cha amplifaya ya rafiki, nusu nukta kulia, nusu nukta kushoto, mpaka nikaridhika kwamba sasa imekaa. Rafiki yangu alininyooshea kidole kwenye swichi ya pembeni: vitufe vyote vya sauti vilikuwa vimekatwa kwenye sakiti tangu mwanzo. Nilikuwa nimeisikia kila nukta ya mabadiliko ambayo hayakuwepo. Na waliobobea nao hawaponi. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive, wakiwa katika kampuni ya Harman, waliwapa wasikilizaji spika zile zile mara mbili, mara moja wakiziona na mara moja zikiwa nyuma ya pazia, na alama walizozitoa zilibadilika sana macho yalipoondolewa kazini.

Lakini wewe umeagiza jozi ya pili, na hilo linakuweka mahali ambapo wasomaji wengi hawapo, kwa sababu unaweza kujua. Jozi hiyo ikifika, toa spika zote mbili na uzisikilize kwa dakika chache tu na kwa sauti ya chini ili uhakikishe zinafanana tangu mwanzo, kwa kuwa hata spika za boksi moja huweza kutofautiana kidogo. Kisha irudishe moja kwenye boksi lake, na nyingine uipige kwa saa zote 300 unazozitaka. Siku ya mwisho ziweke pamoja nyuma ya pazia la kitambaa chepesi kinachopitisha sauti, ubavu kwa ubavu, ukizilisha ishara moja ya mono, na usawazishe ukubwa wa sauti zake kwa kipimo, si kwa sikio. Mtu mwingine arushe sarafu kila zamu ili sarafu ndiyo iamue ipi ilie, abadilishe nafasi zake mara kwa mara bila kukuambia, na aandike. Wewe useme tu kama inayolia ni iliyozoezwa au ile ya boksini. Mfanye hivyo mara 16. Ukipatia mara 12 au zaidi, uwezekano wa kuwa ulibahatisha tu ni chini ya 4 katika 100, nami nitauchapisha ushindi wako hapa kwa herufi kubwa.

Zamu za mwanzo ndizo zenye thamani zaidi, kwa maana ile spika ya boksini nayo inaanza kulainika tangu inapolia. Kwa hiyo usiipe nafasi ya kupiga wimbo mzima. Sekunde 20 kwa zamu zinatosha. Na utakaponiandikia, nitajie namba kamili, zile ulizopatia pamoja na zile ulizokosea.